Sumu ya mbwa wako imo jikoni

Huenda ukashangaa kumwona daktari wa binadamu akiandika kuhusu mbwa katika ukurasa wa afya, tena akiandika kutoka kisiwa cha Mombasa ambako, hasa pande za Mji wa Kale, mnyama wa nyumbani ni paka. Sababu ni kwamba wengi wenye mbwa katika mji huu hawaendi kwanza kwa daktari wa mifugo. Huenda kwenye duka la dawa la mtaani, au hungoja siku wanapomleta mtoto mwenye kikohozi, na wakishaaga ndipo hugeuka mlangoni: "Daktari, na mbwa wetu hali tangu juzi, tumpe tembe gani?" Ukiwauliza amekula nini, jibu ni lilelile. Hakuna kitu, amekula chakula cha nyumbani tu.

Hicho "chakula cha nyumbani tu" ndicho ninachotaka tukizungumzie leo.

Orodha za vitu vinavyomdhuru mbwa zimejaa kila mahali, lakini aghalabu zimeandikwa Ulaya na Marekani na kwa ajili ya nyumba za huko. Zote huanza na chokoleti. Si uongo: chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno kuliko wetu. Gramu 100 za chokoleti ya maziwa zaweza kumtapisha na kumhangaisha mbwa wa kilo 10, na kiasi hicho hicho cha chokoleti nyeusi chaweza kumvuruga moyo na kumtia degedege. Lakini hebu tuseme kweli. Ni mbwa wangapi wa Tudor, Ganjoni au Majengo wanaotupiwa chokoleti? Mbwa wetu hutupiwa sufuria ya mchuzi. Maoni yangu ni kwamba mbwa wa Mombasa wako hatarini kwa vitu visivyo katika mistari ya kwanza ya orodha hizo: mabaki tusiyofikiria yamepikwa kwa nini, tembe tunazowapa kwa huruma, na sumu ya panya iliyofungwa katika kipande cha gazeti.

Sufuria ya mabaki

Tuanze na kitunguu, maana hakuna mchuzi, pilau wala biriani isiyokuwa nacho. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembechembe nyekundu za damu ya mbwa, na kukipika hakuondoi sumu hiyo. Mbwa huanza kuonyesha mabadiliko ya damu akila kiasi cha gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzani wake. Kwa mbwa mdogo wa kilo 10 hiyo ni sawa na kitunguu kimoja kikubwa. Kwa paka gramu 5 kwa kilo zatosha. Kitunguu saumu kina nguvu zaidi, na hatari si mlo mmoja pekee. Anayelishwa ukoko wa pilau kila siku hujikusanyia madhara kidogo kidogo. Ubaya wake ni kwamba dalili hazionekani siku hiyo. Hupita siku kadhaa, kisha mbwa akawa mchovu, ufizi ukapauka, mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi, na mwenyewe hata hakumbuki sherehe ya Jumapili iliyopita.

Sisi madaktari wa Pwani tunaielewa hali hii vizuri. Watu wengi wa huku wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao umeenea katika sehemu zenye malaria, na wakipewa dawa fulani chembe zao nyekundu huvunjika kwa njia inayofanana sana na ya mbwa aliyekula kitunguu. Kwa hiyo usidhani ni hadithi za Wazungu wanaowabembeleza mbwa wao.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa miaka mingi imejulikana kwamba zabibu, mbichi na kavu, zaweza kuua figo za mbwa, lakini haikujulikana ni kitu gani ndani yake kinachofanya hivyo. Mbwa mmoja hula akapona, mwingine hula chache akafa. Mwaka 2021 madaktari wa mifugo wa huduma ya simu ya sumu nchini Marekani walieleza jambo walilogundua: mbwa waliokula udongo wa kuchezea wa watoto uliofinyangwa nyumbani kwa krimu ya tartari, ule unga mweupe wa kuokea keki, walipatwa na ugonjwa wa figo uleule wa zabibu. Kilicho sawa katika vitu hivyo viwili ni asidi ya tartariki. Mwaka 2022 wakachapisha taarifa kamili, na humo kikatajwa kitu cha tatu. Ni ukwaju.

Msomaji wa Mombasa hahitaji kuambiwa ukwaju ni nini. Upo katika chatini ya bajia na viazi karai, upo katika mishkaki, upo katika sharubati ya futari mwezi wa Ramadhani, na makapi yake baada ya kukamuliwa hutupwa ndoo moja na mifupa. Nyama ya ukwaju ina asidi ya tartariki kwa wingi kuliko zabibu zenyewe. Sisemi kwamba mbwa akilamba tone la chatini ukachimbe kaburi. Nasema makapi ya ukwaju yasitupwe mahali mbwa anapofika, na mishkaki iliyolala ndani ya ukwaju isiwe zawadi yake. Akila, akaanza kutapika siku hiyohiyo, usingoje kuona kama mkojo utapungua. Ukishapungua, figo zimekwisha umia, na kijijini au mjini, mashine ya kusafisha damu ya mbwa hutaipata.

Zabibu kavu zenyewe nazo tunazo: katika pilau ya harusi, katika tambi za sukari za Idi, katika keki. Ni vyema watoto waambiwe kabla ya Idi, kwani wao ndio wagawaji wakubwa.

Kuna na vitu visivyo sumu lakini huziba. Anayemtembeza mbwa wake jioni Mama Ngina, pale Lighthouse, hupita katikati ya magunzi ya mahindi ya kuchoma na vijiti. Gunzi halisagiki tumboni mwa mbwa. Hushuka hadi utumbo mwembamba likakwama hapo, na kulitoa ni upasuaji. Kokwa la embe ni hivyo hivyo, na msimu wa maembe ukifika huku kwetu makokwa ni mengi kuliko mawe. Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Kahawa chungu ina kafeini, na mbwa akila makapi yake huhangaika kama aliyekula chokoleti. Mwenye kisukari anayetafuna peremende au bazoka zisizo na sukari aangalie kama pakiti imeandikwa zailitoli: kwa binadamu haina neno, lakini kwa mbwa huteremsha sukari ya damu ghafla, pengine kabla ya nusu saa kwisha, na yaweza kumharibu ini.

Tambuu nayo isidharauliwe, kwa sababu ya tumbaku iliyomo. Popoo ina historia ya ajabu kidogo: dawa iliyotolewa humo, arekolini, zamani ilitumiwa kuwaharisha mbwa ili watoke tegu. Dawa hiyo iliachwa kwa kuwa ilikuwa ikiwatesa sana.

Pwani pia tuna bunju. Wavuvi wakimtoa wavuni humtupa ufuoni, na mbwa na paka hawajui kusoma. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa wala kukaushwa juani. Hupoozesha misuli mpaka ile ya kupumulia, na dawa ya kuizima hakuna. Ukishuka pwani na mbwa, mshike kwa kamba.

Kabati la dawa

Hapa nazungumza juu ya kazi yangu, kwa hiyo mniwie radhi nikiwa mkali. Mbwa akichechemea, mwenye nyumba humpa tembe aliyoandikiwa bibi yake kwa ajili ya magoti. Brufeni na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo na kumwumiza figo kwa kiasi ambacho kwako ni kidogo. Panadol kwa paka ni mauti. Tembe moja ya miligramu 500 yatosha, kwa kuwa ini la paka halina njia ya kuisafisha. Nimewasikia watu wazima, wenye elimu, wakisema kwamba dawa ya mtoto haiwezi kuwa na madhara kwa mbwa mkubwa kuliko mtoto. Mbwa si mtoto mwenye manyoya. Mwili wake unavunja dawa kwa njia nyingine.

Dawa moja nataka niitaje peke yake. Ni isoniazidi, iliyomo katika tembe za kifua kikuu na za kukinga kifua kikuu, ambazo familia nyingi za Mombasa wanazo nyumbani kwa miezi sita au zaidi. Mbwa akizitafuna hupatwa na degedege zisizotulia. Zina dawa ya kuzizima, nayo ni vitamini B6, lakini lazima daktari wa mifugo aambiwe mapema kwamba mbwa ametafuna tembe za kifua kikuu. Najua familia nyingine huona haya kutaja ugonjwa huo mbele ya mgeni. Mtajieni dawa tu, hana haja ya kujua mgonjwa ni nani. Na tembe zenyewe ziwekwe juu, si chini ya mto wala juu ya stuli, maana mtoto wa miaka miwili naye hufa kwa tembe hizo hizo.

Nikiwa bado kwenye dawa: kumpaka mbwa mwenye ukurutu oili chafu ya gari si tiba. Oili hiyo imejaa masizi na madini ya injini, naye huilamba yote. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe haipimwi kwa kizibo na kumiminiwa mbwa kwa kukisia. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini usimpake paka, wala usimwache paka alale na mbwa aliyepakwa leo.

Sumu ya panya

Sasa tufike penye uzito. Mji wa zamani, nyumba zimebanana, dari za boriti, bandari iko karibu. Panya hawakosi na hakuna anayelaumiwa kwa kuwatafuta. Lakini tunawaua kwa nini? Wachuuzi hupita na vipaza sauti wakitaja panya, mende, kunguni na viroboto kwa pumzi moja. Unauziwa unga au punje katika karatasi, au maji katika kichupa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi. Hakuna jina, hakuna kipimo, hakuna tarehe. Sheria ya Kenya ya bidhaa za kuua wadudu na wanyama waharibifu, Sura ya 346, ya tangu 1982, inataka bidhaa hizo zisajiliwe na ziwe na maandishi. Karatasi ya mchuuzi haina hata herufi moja.

Kwa nini jina ni muhimu hivyo? Kwa sababu "sumu ya panya" si sumu moja. Ziko za kuzuia damu isigande. Ni ndugu za warfarini, dawa iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 na kufikia 1954 ikawa dawa ya binadamu; mimi mwenyewe huwaandikia wagonjwa wa moyo. Mbwa aliyekula hizi huonekana mzima siku tatu, nne, hata wiki, kisha akaanza kutoka damu puani, au ndani ya kifua ambako huoni. Tiba yake ni vitamini K kwa wiki kadhaa, na ikianza mapema wengi hupona. Iko zinki fosfaidi, unga wa kijivu wenye harufu kama ya kitunguu saumu, ambayo ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya kuua. Huyu usimlishe kitu, kwani chakula huongeza asidi, na akitapika fungua madirisha, maana gesi hiyo yaweza kukulevya na wewe. Na ziko dawa za shambani zilizoingizwa mjini kwa mlango wa nyuma, za jamii ya kabofurani. Hizi haziulizi siku. Mbwa hutoka mate, hutetemeka, mboni za macho husinyaa, na aweza kufa kabla hujapata gari. Sindano ya atropini ndiyo humwokoa. Ni jamii hiyo hiyo iliyowaua simba na tai wa Kenya hadi mwaka 2009 kampuni ya Marekani iliyoitengeneza ikaamua kuiondoa katika maduka yetu.

Sumu tatu, matibabu matatu tofauti kabisa. Daktari aliyeshika karatasi tupu ya gazeti atibu ipi? Swali hili huniumiza zaidi anapoletwa mtoto, kwa sababu hicho kichupa kilichowekwa nyuma ya mlango kwa ajili ya panya hufikiwa na mbwa, na pia na mtoto anayetambaa. Wote wawili hutumia mdomo kuuchunguza ulimwengu. Nyumba ambayo mbwa wake amekufa kwa sumu na haikutafuta sumu hiyo ilitoka wapi, ni nyumba ambayo mtoto wake bado yumo hatarini.

Wako pia wanaotia sumu ndani ya nyama kwa makusudi ili kuwamaliza mbwa wazururaji. Wengine hutoa hoja ya kichaa cha mbwa. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa, angalau 70 katika kila 100, si kuwaua. Ukimwua mbwa aliyechanjwa, nafasi yake huchukuliwa na asiyechanjwa. Nyama ya sumu nayo haichagui: humwua mbwa wa jirani, na asubuhi humkuta paka wa Kibokoni au Kuze ambaye mtaa mzima ulikuwa ukimlisha vichwa vya samaki. Sura ya 360 ya sheria zetu inakataza ukatili kwa wanyama, na kuwapa sumu bila sababu ya haki kumo.

Wengine watanijibu kwamba mbwa ni najisi. Sibishani na masheikh. Msimamo wa madhehebu ya Shafii wajulikana, na kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kunajulikana. Lakini hayo ni mambo ya twahara. Hayakumpa mtu ruhusa ya kutega sumu barabarani. Na kile kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu mmekisikia tangu chuoni, wala si daktari wa kuwasomea.

Kuhusu bustani nitasema machache. Mtapo, ambao ni mti wetu wa asili huku Pwani, na ndugu yake wa kigeni anayepandwa kwenye vyungu vya malangoni, wote humwua mbwa kwa kuharibu ini, na mbegu ndizo kali zaidi. Oleanda na waridi la jangwani huvuruga mapigo ya moyo. Mbono na mnanaha hujiotea wenyewe penye takataka, ng'oa. Asmini na mrehani hazina neno, wacheni vikuba vyenu.

Mbwa akishakula sumu, usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwake. Makaa ya jiko yaliyopondwa si ile dawa ya mkaa iliyoko hospitalini. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe hata kidogo, yatamwingia mapafuni. Iliyomwagika mwilini ioshe kwa sabuni ukiwa umevaa glavu. Na tahadhari moja kubwa: mbwa anayetoka mate na kuyumbayumba huenda amekula sumu, na huenda ana kichaa. Kwa macho huwezi kutofautisha. Usimtie mkono kinywani. Akikuuma au mate yake yakiingia jerahani, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha uje hospitalini siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jirani anaapa ni sumu.

Serikali ya kaunti inatoza ushuru wachuuzi wa mji huu kila siku, kwa hivyo haiwezi kusema haiwajui wanaouza sumu bila jina. Naitaka iwazuie, kuanzia Marikiti na kuishia vichochoroni. Mpaka hapo, nunua sumu ya panya yenye pakiti, na pakiti usiitupe. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki na uitundike juu, mbali na jiko. Siku ukihitaji kumpeleka mbwa kwa daktari, pakiti hiyo iende pamoja naye, na kando yake andika saa aliyokula, kiasi kilichopungua na uzani wake. Nambari ya simu ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa itafute leo, ukaibandike mlangoni penye nambari ya fundi wa mfereji.